Ujumbe wa Arobaini na Moja

Ukitaka kumuudhi Tarishi, mwambie kwamba ujumbe umekwenda. Atakutazama kwa jicho la kukupima kuanzia viatu hadi nywele, kisha atakuuliza, "Umekwenda, au umefika?" Ukibabaika kujibu, umekwisha. Utasimamishwa hapo ukutani usomeshwe tofauti ya mambo hayo mawili mpaka ujute kufungua mdomo.

Alikuwa na haki ya kuudhika. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa tarishi wa hospitali moja kubwa, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba na mfuko wa turubai begani, akitembeza karatasi za majibu ya damu kutoka maabara kwenda wodini. Maabara ilikuwa jengo jipya la mbele. Wodi zilikuwa jengo la zamani la nyuma, na katikati ulipita ujia mrefu wenye paa la bati. Kutoka mlango wa maabara hadi wodi ya figo, ghorofa ya tatu, zilikuwa dakika sita kwa miguu yake. Kwapani alibeba daftari la kupokelea lenye safu nne: jina la mgonjwa, saa karatasi ilipotoka, saa ilipopokelewa, na sahihi ya muuguzi aliyeipokea. Bila sahihi haondoki, hata umfukuze. Wauguzi walimtania kwamba siku ya kufa atamdai mtoa roho atie sahihi kwanza. Naye hujibu kwamba ndiyo, na aandike na saa. Kwa miaka yote hiyo hakupoteza karatasi hata moja.

Halafu karatasi zikafutwa. Majibu ya damu yangepita kwenye waya, muuguzi ayasome kwenye skrini. Wenzake watatu wakahamishiwa chumba cha kufulia shuka. Yeye akanyoosha mkono kikaoni, akasema anataka kujifunza kuuendesha huo mfumo mpya. Watu walicheka wakashika mbavu. Hawakujua kwamba kwa miaka miwili alikuwa akisoma kompyuta kila Jumamosi mchana bila kumwambia mtu. Mkuu wa kitengo cha mitambo, bwana mmoja nadhifu aliyependa kusifiwa kuliko chakula, akaona hiyo itapendeza kwenye jarida la hospitali: tarishi aliyegeuka mtaalamu. Akapigwa naye picha, akampa meza.

Lakini si sifa iliyomnyoosha mkono. Kilichomnyoosha mkono ni Dada.

Dada ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, Tarishi alikuwa na miaka sita na Dada kumi na saba. Dada aliacha shule wiki hiyohiyo, akawa mama, baba na mwalimu kwa mkupuo mmoja, na hakuwahi kulisema hilo hata siku walipogombana vibaya. Sasa figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili. Mara tatu kwa wiki alilazwa kando ya mashine ya kusafishia damu, na mwezi ule hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba hakurudishwa nyumbani tena. Nafasi za mashine zilikuwa chache na orodha ya wanaosubiri ndefu. Dada alipata nafasi kwa sababu ni ndugu wa mfanyakazi. Tarishi akitolewa kazini, Dada anatolewa kwenye orodha. Kulikuwa na jambo jingine pia: chumvi moja ya mwilini, potasiamu, humpanda mgonjwa wa figo kimyakimya, na ikizidi moyo husimama bila hata kupiga hodi. Kwa hiyo kila alfajiri Dada alitolewa damu. Jibu likiwa baya, anakimbizwa kwenye mashine papo hapo, zamu yake iwe imefika au haijafika. Uhai wake ulining'inia kwenye kitu kidogo hivyo, kwamba jibu la asubuhi lifike wodini mapema.

Kazi hiyo ya kufikisha, Tarishi hakutaka kumwachia mtu mwingine.

Aliyemfundisha alikuwa Fundi, kijana wa mkataba, mwembamba, mwenye mifuko iliyojaa karanga. Siku ya kwanza Fundi alimuuliza kama anajua foleni ya ujumbe ni nini.

"Ni mfuko wangu," akasema Tarishi.

Fundi akaacha kutafuna. "Endelea, mama."

"Maabara hawana muda wa kumsubiri muuguzi amalize kumchoma mtu sindano. Wananipa mimi, nakaa nayo. Muuguzi akipata nafasi, namkabidhi. Akitia sahihi, naitoa mfukoni mwangu moja kwa moja. Asipotia, karatasi bado ni mzigo wangu."

"Mama, umenimalizia somo la wiki mbili," akasema Fundi, na akamgawia karanga.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi hivyo. Alijifunza kwamba mfuko mmoja kwenye mashine moja ni hatari, kwa sababu mashine ikifa inakufa na mfuko. Ndiyo maana mashine huwekwa kundi, kila moja ikishika nakala ya mfuko uleule na kuulizana kila sekunde: upo? nipo. Alijifunza kwamba mtumaji hupewa jibu la "imepokelewa" na mashine, na kwamba hiyo si sahihi ya muuguzi, hata kidogo. Alichora michoro mpaka daftari jipya likaisha. Alikosea, akafuta, akakosea tena. Usingizini aliota mishale. Kwa miezi minane alikuwa mwanafunzi mwenye mvi, na nasema bila kutia chumvi kwamba hiyo ndiyo miezi aliyokuwa na furaha kuliko yote, kwa sababu kila alichokisoma alikuwa ameshakitembea kwa miguu.

"Kundi liwe na mashine tatu," Fundi alisema. "Waya ukikatika, mmoja akajikuta upande wake peke yake, wale wawili wanaonana. Wanasema sisi ndio wengi, tuendelee. Yule mmoja anajua kapotea, ananyamaza."

"Na wakiwa wawili?"

"Wakiwa wawili kila mmoja anadhani mwenzake kafa."

Tarishi alicheka. "Kama mke na mume walionuniana. Kila mmoja anawaambia majirani kwamba mwenzake ndiye aliyehama."

"Na hakuna wa tatu wa kuwaamua," akasema Fundi, ambaye hakucheka.

Walipewa mashine mbili. Mashine ya tatu ilinunuliwa, ikafika na sanduku lake, Tarishi akaipokea kwa sahihi yake mwenyewe. Wiki ya pili ilichukuliwa. Ikapelekwa ukumbi wa mapokezi kuonyesha kwenye skrini kubwa picha za wageni waliotembelea hospitali, Mkuu akiwa pembeni ya kila mgeni. Tarishi aliandika barua tatu kuiomba irudi. Ya kwanza ilijibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Nyingine mbili hazikujibiwa.

Basi akaujenga mfumo kwa mashine mbili. Moja akaiweka jengo la zamani, ikishika wodi zote kumi na tano. Akaiita Kurwa. Nyingine akaiweka jengo jipya, karibu na maabara, akaiita Doto. Kati yao ulipita waya mmoja juu ya dari ya ule ujia wa bati. Fundi akamwonyesha kwamba mapacha hao wakipoteana zipo njia mbili za kuwaagiza. Ya kwanza ni kunyamaza: wote wawili wakatae kupokea chochote, skrini ya maabara iwe nyekundu, mpima damu aone kwamba jibu lake halikupokelewa, ashike simu. Ya pili ni kujiponya: kila mmoja aendelee kivyake kana kwamba hakuna kitu, skrini zibaki kijani, na waya ukirudi, mwenye wateja wengi, yaani wodi au mashine zilizounganishwa naye, ahesabiwe kuwa ndiye mkweli. Yule mwingine azimwe, awashwe upya, achukue nakala ya mwenzake na kutupa alichokuwa nacho.

"Kutupa?" Tarishi alirudia.

"Kutupa. Kama hakikuwahi kuwepo."

Aliweka kunyamaza, na Fundi akaenda zake mkataba ulipoisha.

Miezi miwili ya kwanza waya ulikatika mara tatu. Mara moja panya, mara moja mafundi wa bomba, mara moja hakuna aliyejua. Kila mara skrini zilikuwa nyekundu hospitali nzima kwa dakika kumi, ishirini. Madaktari walipiga kelele, maabara wakapiga simu wodini, na Tarishi akachukua karatasi zilizobaki akazikimbiza mwenyewe. Hakuna mgonjwa aliyekosa jibu. Kwake yeye hayo yalikuwa mafanikio, mfumo umefanya kama ulivyofundishwa. Kwa Mkuu ilikuwa aibu, kwa sababu mara ya tatu alikuwa na wageni.

Alimwita ofisini, hakumkaribisha kiti.

"Mama, sitaki kuona tena hiyo nyekundu."

"Mkuu, ile nyekundu ndiyo inayowaambia watu wapige simu."

"Na hizo simu nazo nimezipiga marufuku. Zinaziba laini. Mfumo ni wa kisasa, watu wanapigiana simu kama sokoni? Nimesikia kuna namna ya kuufanya ujiponye wenyewe."

"Ipo. Lakini unaponya skrini. Ujumbe unaweza kupotea."

"Unaweza," akasema Mkuu. "Unaweza pia kutopotea. Hujui kuuendesha, sema, nitafute anayejua. Chumba cha kufulia wana upungufu, ila kule siku hizi ni watu wa kampuni. Wewe hutahesabika mfanyakazi wetu."

Hakuitaja orodha ya mashine ya figo. Hakuhitaji.

Alimpigia Fundi siku hiyohiyo.

"Usiguse, mama. Tafadhali."

"Ataniondoa."

"Basi akuandikie amri kwa mkono wake."

Alirudi kwa Mkuu na karatasi tupu na kalamu. Mkuu alicheka kwa dhati, akamwambia mambo ya madaftari yamepitwa na wakati. Tarishi akateremka ofisini kwake, akafungua faili la maagizo ya kundi, akafuta neno moja akaandika jingine. Kwenye kitabu cha mabadiliko, pale panapoulizwa nani amebadilisha, akaandika jina lake.

Sitamtetea hapo. Alijua. Alijiambia kwamba waya hukatika dakika chache tu, labda mfukoni hakutakuwa na kitu. Alijiambia kwamba Dada akitoka kwenye orodha hatamaliza wiki, na hilo halikuwa labda. Aliweka hatari mbili kwenye mizani, akachagua ile isiyoonekana, kama ambavyo wengi wetu tungefanya.

Na kuna jambo moja hakulifanya, yeye aliyechora michoro mpaka daftari likaisha. Hakukaa chini ajiulize ni nani kati ya Kurwa na Doto atakayetupa mfuko wake. Katika somo walikuwa mduara na mduara, mshale katikati. Hakujiuliza, kwa hiyo hakuona kwamba Kurwa ana wodi kumi na tano na Doto ana mashine mbili tu za maabara, na kwamba daima, kila mara, mwenye wengi atakuwa Kurwa na kitakachotupwa kitakuwa majibu ya damu.

Wiki tano zilipita zikiwa kijani. Mkuu alimsifu kikaoni, watu wakapiga makofi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Saa moja na nusu asubuhi Tarishi alikuwa wodi ya figo, kama kila siku kabla ya kuingia kazini, amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha Dada akimpaka mafuta miguuni.

"Umeamkaje leo?"

"Nimeamka tu," akasema Dada. "Mwili mzito. Mikono hii kama si yangu, kama ya kuazima."

"Umemwambia sista?"

"Nimemwambia. Anasema majibu hayajaja." Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Nikamwambia, mdogo wangu ndiye mwenye majibu, ngoja afike."

Tarishi alikwenda mpaka kwenye meza ya muuguzi wa zamu, mama mtu mzima waliyejuana tangu enzi za karatasi. Wakaitazama skrini pamoja. Juu kabisa kulikuwa na taa ya kijani. Kwenye safu ya Dada palikuwa patupu.

"Walichukua damu saa kumi na mbili," akasema muuguzi. "Labda maabara wamelemewa leo. Wakituma tu, itaonekana hapa."

"Ukiona kijani, ujue wapo hewani," akasema Tarishi. "Itaonekana."

Alirudi kitandani, akakaa hadi saa mbili na robo, kwa kuwa Dada alitaka kusimuliwa habari za ofisini. Akamsimulia. Dada alikuwa akisinzia katikati ya maneno, akizinduka, akiomba radhi.

"Na hiyo mitambo yako haitakusumbua leo, we mtoto?"

"Inajiendesha, Dada. Nimeijenga mwenyewe."

Hayo ndiyo maneno aliyomwachia. Zamani, mgonjwa akimwambia mikono mizito na majibu hayajaja, angeacha yote akakimbilia maabara: dakika sita kwenda, sita kurudi. Asubuhi ile hata wazo hilo halikumjia. Alikuwa amejifunza mfumo, na mfumo ulikuwa kijani.

Alipita kwenye ujia wa bati akakuta wapaka rangi wameegemeza ngazi ukutani. Mmoja alikuwa amepanda darini, amefungua ubao, akivuta nyaya kando ili brashi ipite. Walisalimiana. Hatua nne mbele Tarishi alisimama, akageuka, akatazama juu.

"Huo waya wa bluu mmeuvuta saa ngapi?"

"Ulichomoka tulipoanza, mama, saa moja na nusu hivi. Usijali, ndiyo kwanza nimeurudisha sasa hivi."

Alikimbia. Ofisini skrini ilikuwa kijani, kijani safi ya kupendeza. Akafungua kumbukumbu za mapacha, mistari midogo ambayo hakuna mtu mwingine hospitalini aliyejua kuisoma. Ilisema hivi: saa moja na dakika thelathini na moja, Kurwa hamwoni Doto, Doto hamwoni Kurwa, wote wanaendelea. Saa mbili na dakika kumi na saba, wameonana. Kurwa ana wateja kumi na tano. Doto ana wawili. Doto amezimwa. Doto amewashwa. Kundi liko salama. Akatazama mfuko. Ujumbe unaosubiri: sifuri.

Ni wakati huo tu alipoiona michoro yake yote upya, na mduara mmoja ukiwa na jina la maabara. Alitoka mbio kwenda maabara.

Mpima damu, bwana mwenye miwani minene, alikuwa akinywa chai yake bila wasiwasi wowote.

"Wodi ya figo," akasema Tarishi.

"Nimetuma zamani. Hii hapa, saa moja na dakika hamsini." Akageuza skrini amwonyeshe. "Imepokelewa. Si inaandika yenyewe? Na ya ndugu yako ilikuwa juu mno, nikasema hawa watakuwa wameshamkimbiza kwenye mashine. Zamani ningepiga simu. Tulikatazwa, na simu yenyewe wakaichukua."

"Chapa karatasi."

"Zipi?"

"Zote ulizotuma kuanzia saa moja na nusu. Chapa zote!"

Zilikuwa arobaini na moja. Ya Dada ilitoka ya tisa. Alizitia zote kwenye mfuko wa turubai, ambao alikuwa bado anautumia kubebea chakula chake cha mchana, akakimbia. Hakutumia dakika sita. Alitumia nne, akiwa na miaka hamsini na mbili, akipiga vikumbo watu kwenye ngazi.

Pazia la kitanda lilikuwa limevutwa.

Muuguzi wa zamu alitoka nyuma yake akiwa na glavu mkononi, akamzuia kwa mikono miwili. Alisema moyo wa Dada ulisimama saa mbili na nusu, ghafla tu, akiwa amesinzia. Walimkandamiza kifua kwa dakika kumi na tano. Daktari aliuliza majibu ya asubuhi yako wapi, naye akamwambia hayajaja.

"Hayajaja," akarudia muuguzi, huku akilia. "Mpaka sasa hayajaja. Njoo uone mwenyewe."

Tarishi hakwenda kuona. Aliingia nyuma ya pazia. Miguu ya Dada ilikuwa bado inang'aa mafuta. Alisimama pale, na kilichomuumiza kuliko vyote, alisema baadaye, ni kwamba hakupata hata wa kumlaumu kwa moyo wote. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake ndogo. Yule mpaka rangi alikuwa na waya, Mkuu na amri, maabara na ukimya, na yeye alikuwa na neno moja kwenye faili, lenye jina lake pembeni. Alimfunika Dada vizuri, akamgusa paji la uso. Halafu akakumbuka mfuko uliokuwa begani.

"Kaa kwanza," muuguzi akamsihi. "Kaa, nikuletee maji. Tuwaite ndugu."

"Ndugu ni mimi," akasema Tarishi. "Na kuna wengine arobaini."

Daftari la kupokelea lilikuwa bado kwenye droo ya ofisi yake, chini ya michoro. Alilichukua, akaanza. Wodi ya watoto, wodi ya wazazi, wodi ya upasuaji. Wauguzi waliozoea skrini walimshangaa, wakaanza kumtania, kisha wakaona uso wake wakatia sahihi. Kwenye wodi ya watoto kulikuwa na mtoto mmoja sukari imeshuka vibaya, wakamuwahi. Wodi ya wanaume mzee mmoja hakuwahiwa. Karatasi ya mzee huyo ilitiwa sahihi na daktari.

Mkuu alimkuta kwenye ujia saa sita mchana, chini ya dari iliyopakwa rangi mpya.

"Pole sana, mama. Nimesikia. Lakini nenda nyumbani, hizi karatasi za nini tena? Mfumo umejiponya. Nimeshaandika taarifa: hitilafu ndogo ya waya, hakuna athari, huduma haikusimama."

"Na mashine ya tatu?"

"Tutaliangalia hilo kwenye bajeti ya mwaka ujao."

Alimtazama Mkuu kwa jicho lile la kupima, kuanzia viatu. Alitaka kumwambia mengi. Alitaka kumuuliza swali lake la siku zote. Akaona kwamba Mkuu hatalielewa, leo wala mwaka ujao. Hata yeye akirudisha ile amri ya kunyamaza jioni hiyo, na aliirudisha, wiki haingeisha kabla mtu mwingine hajaletwa kuifuta. Akampisha apite.

Saa tisa na nusu alipanda tena ghorofa ya tatu. Dada walikuwa wameshamshusha. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi, jina limefutwa ubaoni. Muuguzi wa zamu alikuwa anajiandaa kuondoka.

Tarishi akatoa karatasi ya mwisho mfukoni, akaiweka mezani, akafungua daftari kwenye mstari wa arobaini na moja. Jina lilikuwa limeshaandikwa. Imetoka saa moja na dakika hamsini.

"Hii sikukukabidhi asubuhi," akasema.

Muuguzi aliitazama ile karatasi, ile namba iliyopigiwa mstari mwekundu. "Dada yangu, nipokee ya nini sasa? Nimpe nani?"

"Pokea tu. Andika na saa."

Muuguzi aliandika saa tisa na dakika thelathini na mbili, akatia sahihi. Tarishi aliisoma, akapuliza wino ukauke, akafunga daftari. Kisha akaenda kukaa kwenye kile kitanda chenye shuka safi, kwa sababu hakuwa na karatasi nyingine ya kupeleka.